Kumpeleka Mwanangu Shule Nikiwa Kwenye Eda

Mume wangu alifariki wiki sita kabla shule hazijafunguliwa. Yeye ndiye aliyesema atamwandikisha binti yetu darasa la kwanza hapa Kaole. Binti yetu ana miaka saba. Hatembei, mikono haimtii, na maneno yake tunayaelewa sisi wa nyumbani tu. Baba yake alimbeba mgongoni popote. Mimi, nikisema kweli, wageni wakija nilimpeleka chumba cha ndani na kumwambia anyamaze.

Nilipotaka kumpeleka mimi, mama mkwe alinikatalia. "Uko kwenye eda, mwanangu. Mjane haonekani barabarani. Ngoja eda iishe."

"Ikiisha, mama, wenzake watakuwa wameshafika mbali."

"Na yeye anakimbilia wapi?"

Nilimwomba akaulize kwa maalimu wa msikitini. Alirudi amenuna: mjane ana ruhusa kutoka mchana kwa haja isiyongoja, mradi alale nyumbani kwake. Nikajitanda, nikamfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili, nikaenda.

Mwalimu mkuu alinipa pole ya msiba. Kisha akasema, "Huyu anafaa shule yenye kitengo cha walemavu."

"Kitengo kiko mbali, mwalimu. Shule hii naiona nikiwa uani kwangu."

Akatupa wiki moja ya majaribio. Mwalimu wa darasa akisema haiwezekani, basi.

Nilikaa sakafuni kando ya dawati, nikamwegemeza mtoto kwa mto wa usufi. Akiitwa jina, niliitikia mimi. Akiulizwa herufi, nilijibu mimi. Nilidhani namsaidia. Siku ya tatu mwalimu, binti wa umri wa mdogo wangu, aliweka chaki mezani.

"Mama, naomba ukakae barazani. Wewe herufi unazijua. Yeye, sijui kama anazijua."

Darasa lilicheka. Nilitoka nimekasirika.

Nikiwa barazani nilisikia anaulizwa ilipo herufi a ubaoni. Kimya. Akaulizwa tena. Nilishika upindo wa kanga kwa meno nisije nikajibu. Kimya kile nilikuwa nimemfunza mimi mwenyewe.

Kisha mtoto aliyekaa naye akasema, "Mwalimu, anaiangalia. Ile ya kwanza."

"Usimsemee mwenzako. Na wewe, hebu iangalie i."

Nikamsikia mwalimu akienda ubaoni, akirudi, akiuliza nyingine. Kengele ya kwenda nyumbani ilipogongwa alikuja barazani.

"Irabu nne amezishika. Bado u. Nitamwambia mwalimu mkuu kwamba mtoto anabaki. Ila ukimfikisha darasani, utoke. Mapumziko uje umpeleke msalani."

"Nitakuja."

Nilirudi nyumbani na habari ile, na wa kumpa hayupo. Nikampa mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Watu wamekuona," alisema.

"Kesho wataniona tena, mama. Mara tatu: asubuhi, mapumziko, na kumchukua."

Alimtazama mjukuu wake mgongoni mwangu. Akanifungua fundo la kanga, akampokea.