Picha ya Miaka Kumi na Mitano

Enzi zetu mtu alizaliwa mara moja tu, na ilitosha. Mama alijifungua, wanawake wakapiga vigelegele, kitovu kikazikwa, basi. Mwaka uliofuata hakuna aliyekujia na mishumaa kukuuliza unajisikiaje. Siku hizi mtoto anazaliwa upya kila mwaka, na kila mara kwa kamati.

Nasema kamati kwa sababu ninayo sebuleni kwangu hapa Bweri. Binti yangu Doreen anatimiza miaka kumi na minane, na imeamuliwa, sijui katika kikao gani, kwamba umri huo hautimiziki Musoma. Ni lazima usafirishwe hadi Mwanza, uingie hoteli yenye bwawa la kuogelea siku ya Ijumaa, utoke Jumapili. Nilipouliza kama ziwa zima tulilonalo hapa mjini halitoshi kuogelea, nikajibiwa kwa upole, kama anayejibiwa ni mgonjwa, "Mama, ziwa halina vaibu." Nimeishi kando ya ziwa hili zaidi ya miaka ishirini bila kujua kwamba lina upungufu huo.

Kamati ina mwenyekiti, ina mtu wa mavazi, na ina msichana mmoja anayeitwa msimamizi wa kontenti, ambaye kazi yake, nilivyoelewa, ni kuhakikisha hakuna chakula kitakachoingia kinywani kabla hakijapigwa picha. Rangi ya sherehe inaitwa shampeni. Nilionyeshwa kitambaa chake. Kwa macho yangu ni rangi ya uji uliozidiwa maji. Mpiga picha amekodiwa nusu siku. Nguo za kubadilisha ni nne, kwa mtu ambaye siku anayoisherehekea alikuja bila hata moja.

Sikukataa, na sikukubali. Nilimwambia Doreen kwamba nitafikiria, kisha nikaenda jikoni kupara sato. Na nikiwa pale na kisu mkononi, magamba yakinirukia usoni, nikaikumbuka safari yangu mimi ya kutimiza umri.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Butiama, kule kwenye majabali, na michezo yetu ilitokana na mawe kwa sababu mawe hayakuwa na mwenyewe. Tulikalia matawi ya miti tukaserereka kwenye jabali mpaka sketi zikachanika nyuma, na Mama hakuwa anauliza zimechanikia wapi. Aliuliza fimbo iko wapi. Tulicheza rede kwa mpira wa matambara, tulicheza kombolela mpaka mtu akasahaulika kichakani. Shuleni tulienda na kidumu cha maji na fagio, na siku za Ijumaa mavi ya ng'ombe ya kusiriba sakafu ya darasa. Mtoto wa leo ukimpa fagio tu, atakuuliza linachajiwa wapi. Tulikula ugali wa mtama na maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu, na yule aliyenawa mwisho alikuta kibuyu kitupu kikipumua. Hatukuwa na furaha kama wanavyosimulia wazee wengine. Tulikuwa na njaa, lakini tulicheka sana.

Baba yangu alikuwa karani wa kupima pamba pale kwenye chama cha msingi. Kwa kuwa alijua kuandika, alifanya jambo ambalo majirani waliliona la ajabu: kila mtoto alipozaliwa, aliandika siku yake kwa mkaa nyuma ya mlango. Kwa hiyo sisi kwetu tulijua tumezaliwa lini, wakati wenzetu darasani walizaliwa "wakati wa mavuno" au "ule mwaka wa nzige". Hakukuwa na keki wala wimbo. Baba alipita mlangoni, akasoma, akasema, "Nyangeta leo umeongeza mwaka, kachote maji." Sherehe ikawa imekwisha.

Lakini alikuwa ameniahidi kitu kimoja. Alisema nikifikisha miaka kumi na mitano atanipeleka Musoma, tulale huko siku mbili, na tupige picha, yeye na mimi. Nilipomuuliza kwa nini tusiende mapema, alisema hivi: "Mtu akifika kumi na mitano ndiyo anakuwaga na sura yake. Kabla ya hapo anakuwaga amevaa ya wazazi."

Sasa angalieni maandalizi. Doreen ameandaa Mwanza kwa wiki mbili, akiwa amelala chali kitandani. Mimi Musoma niliiandaa mwaka mzima. Gauni lilishonwa Bunda na fundi ambaye alinipima mwezi wa pili, akalimaliza mwezi wa saba, na katikati hapo nilikuwa nimekua. Likawa linanibana kwapani. Viatu niliazima kwa binti wa mwalimu, na mguu wake ulikuwa mdogo kuliko roho yake, Mungu ambariki. Kijiji kizima kilijua ninakwenda. Watu ambao hawajawahi kuvuka mto walinipa maelekezo ya mji. Na Mama, ambaye naye hakuwa amefika, alinikalisha chini akaninasihi, "Mjini usishangae na mdomo wazi. Nzi wa kule hawakufahamu."

Tuliondoka na lori lililokuwa limeleta mbegu za pamba na sasa linarudi mjini tupu. Tulikaa juu ya magunia matupu. Njia nzima Baba alishika kofia yake kwa mkono mmoja na kola ya gauni langu kwa mkono mwingine, kana kwamba sisi wawili, kofia na mimi, tungepeperuka kwa pamoja. Tulifikia Nyakato, mtaa wa hapa Musoma, kwa shangazi yangu. Huko niliona maji yanatoka ukutani. Niliona taa inawashwa kwa kidole, nikaiwasha na kuizima mpaka shangazi akasema itaungua. Baba akanipeleka ziwani, nikauliza upande wa pili ni wapi. Akatazama maji kwa muda, akasema, "Huko hatuna ndugu." Jiografia yangu ya ziwa ikaishia hapo. Kisha akaninunulia mkate na soda, tukavila tumesimama, na nikaapa moyoni kwamba hakuna mji mkubwa duniani kupita Musoma.

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia, na nyuma yake kitambaa kilichochorwa ghorofa, ndege, na maua makubwa kuliko ghorofa. Mpiga picha alikuwa mtu wa haraka. Alinikalisha kwenye kigoda, akamsimamisha Baba nyuma yangu, akamwambia aniwekee mkono begani. Baba hakuwa mtu wa kushikana. Mkono ulikuja taratibu, ukatua, ukawa mzito na wa moto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupigwa picha. Mwanga ukatupiga machoni, tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili. Picha ni moja. Siyo mia saba kama za siku hizi; moja.

Baada ya wiki mbili Baba alienda Musoma, akarudi mikono mitupu. Dawa ya kusafishia ilikuwa imekwisha. Akaenda tena mwezi uliofuata, akakuta mlango umefungwa. Safari ya tatu alirudi na bahasha. Watu walikuwa wamejaa uani, kwa maana picha ya kwanza ya ukoo haiwezi kufunguliwa faraghani. Bahasha ikapita kwa Baba, ikaja kwangu kama mwenye shughuli, nikaitoa picha.

Ghorofa ilikuwepo. Ndege ilikuwepo. Lakini msichana aliyekaa kwenye kigoda hakuwa mimi, na mwanamume aliyemwekea mkono begani hakuwa Baba. Yule alikuwa mwembamba, mwenye masharubu, na binti yake alikuwa na macho makubwa ya mtu aliyetishwa.

Niliigeuza nyuma, nikaigeuza tena. Mama akachungulia, akamtazama Baba. Ndipo bibi yangu, mzaa baba, ambaye macho yake kwa miaka hiyo yaliona mchana na giza tu, aliponyang'anya picha, akaisogeza puani, akapiga kigelegele. Akatangaza kwamba huyu ni Nyangeta mtupu, hata ile kuinamisha kichwa ni ya kwao. Majirani, kwa heshima ya mzee, wakakubali mmoja mmoja. Wengine wakasema picha hukondesha mtu. Mmoja akamsifu Baba kwa masharubu.

Nilikimbilia nyuma ya zizi nikalia. Baba alinifuata, akasimama mbali kidogo, akasema, "Studio walichanganya. Nitakupeleka tena tupige nyingine." Kisha akarudi kwa wageni. Picha ikatundikwa ukutani, na wale watu wawili wakaanza kuishi na sisi.

Hatukwenda tena. Mwaka uliofuata pamba haikufanya vizuri, na mwaka wa pili yake Baba alianza kukohoa. Alizikwa kabla sijafikisha kumi na minane. Wakati wa msiba mtu mmoja aliulizia picha ya marehemu, na Mama akajibu kwamba hakuna. Nilimkasirikia yule mpiga picha kwa miaka mingi. Nilipohamia Musoma nilipita mara kadhaa pale ilipokuwa studio yake. Panauzwa vipuri vya bodaboda.

Basi nikamrudia Doreen na jibu. Nilimwambia Mwanza ataenda, ila kwanza twende Butiama akamuage bibi yake, mama yangu mimi, ambaye bado yupo na bado anapepeta nafaka zake mwenyewe. Kamati ilinung'unika kwamba safari hiyo haimo kwenye ratiba. Nikawaambia hata kuzaliwa kwa Doreen hakukuwemo kwenye ratiba.

Tulimkuta Mama barazani na ungo wa choroko. Doreen akaingia ndani kupiga picha nyumba ya udongo, kwa ajili ya kontenti, akatoka amebeba ile picha ya ukutani, kioo kimejaa vumbi. Akauliza, "Bibi, hawa ni akina nani? Huyu siyo Mama."

Nikafungua kinywa nieleze habari ya studio kuchanganya. Mama akanitangulia.

"Sijui ni nani," alisema, bila kuacha kuchambua. "Babu yako ndiye aliyewachagua."

Nikamuuliza aliwachagua vipi. Akasimulia kama mtu anayesimulia bei ya chumvi. Kumbe safari ile ya tatu mpiga picha alimwambia Baba ukweli: filamu iliingia mwanga, picha yetu iliungua, haipo. Lakini kulikuwa na boksi la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, na mpiga picha, kwa utani, akamwambia achukue yoyote aende zake. Baba hakucheka. Aliketi kwenye benchi ya studio na boksi magotini tangu asubuhi, akazipitia zote, mpaka lori lilipokuwa linaondoka. Alitaka yenye binti wa rika langu, na baba yake nyuma, na mkono begani. Aliipata hiyo moja.

"Aliniambia jioni ile," Mama alisema. "Alisema pale kwenye benchi aliwaza, 'Nilimwahidi picha. Akipata ya mtu mwingine atalia kidogo. Nikirudi mikono mitupu atadhani niliisahau.'"

Nilihesabu miaka. Zaidi ya thelathini. Nikamuuliza Mama, na sauti yangu haikuwa ya heshima sana, kwa nini hakuniambia muda wote huo.

Akaacha ungo. "Alisema atakupeleka tena, ndipo akwambie mwenyewe. Mimi nilikuwa nangoja akupeleke."

Doreen alikuwa ameshika simu, na kwa mara ya kwanza tangu tumnunulie sikuiona ikinyanyuka. Aliifuta ile picha kwa upindo wa gauni lake, akairudisha ukutani, akachukua muda kuinyoosha.

Mwanza walienda. Siku moja kabla, kamati ilikaa kwa dharura, nami nikaongezwa kama mgeni mwalikwa, kwa sharti nisibebe chakula kwenye kontena. Niliona bwawa. Ni dogo. Mpiga picha alikuwa kijana mpole. Alimpiga Doreen akiwa ameketi, amesimama, anaruka, anacheka na mtu ambaye hayupo. Picha mbaya zilifutwa papo hapo, na mtoto akajipanga upya kabla hata nywele hazijatulia. Tuliporudi nyumbani picha zilikuwa mia saba na kitu. Nilimuuliza Doreen ipi tutaitundika. Akasema zote zipo kwenye simu, Mama, utaziona ukitaka.

Na ni kweli, zipo. Sisemi kwamba enzi zetu zilikuwa bora. Viatu vilibana, na kikohozi kiliua watu ambao leo wangepona. Uso wa Baba sasa unanipotea, na huwa nauunganisha kutoka kwa kaka zangu, pua kwa huyu, kidevu kwa yule. Doreen hatapata kazi hiyo kamwe. Baba yake, mume wangu, yumo humo kwenye simu akila keki kwa pembe zote. Nafurahi kwa ajili yake. Ila siku nyingine, nikiwa nimemaliza kazi za jikoni, namwona karani mmoja wa pamba ameketi kwenye benchi mjini hapa, kofia pembeni, boksi la watu asiowajua liko magotini pake, anawageuza mmoja baada ya mwingine, anatafuta wa kufanana na mimi.