Kandambili za Kuazima

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka. Nilikuwa kijana wa hapa hapa Kitomanga, darasa la saba tu, mwenye haya, naandika mwendo wa kobe. Walikuja wageni kupima hali za watoto, wapate kujua watoto wa nyumba zipi wasaidiwe sare na chakula. Mjumbe akanitoa mimi niwaandikie, kwa kuwa nazijua nyumba zote.

Tukafika kwa Mama Somoe, mjane mwenye watoto watatu. Kwetu, unajua, mgeni hakuti nyumba tupu. Majirani walikuwa wamekwisha kumpelekea godoro, chandarua na chupa ya chai. Mgeni akasoma karatasi yake: mtoto ana viatu? Somoe, mkubwa wao, akanyoosha mguu. Nikazitambua zile kandambili. Zilikuwa za mdogo wangu. Ukanda wa mmoja niliufunga waya kwa mkono wangu mwenyewe.

Kalamu ikasimama. Nikiandika hana, namvua mama wa watu nguo mbele ya wageni. Nikiandika anavyo, je, msaada ataupata? Mgeni akanitania, "Kijana, unaandika au unachora?" Nikaona haya, nikaandika anavyo. Godoro, analo. Chandarua, kipo. Kabla ya adhuhuri kila kitu kilikuwa kimerudi kwa mwenyewe.

Majina ya watakaosaidiwa yaliposomwa, la Mama Somoe halikuwamo. Shule zilipofunguliwa Somoe hakwenda; alikuwa mikoroshoni, akiokota korosho za watu. Nilimwamkia mama yake shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia taratibu, bila hasira:

"Ulitusitiri kwa wageni, baba. Wageni wameondoka. Sasa watoto niwasitiri na nini?"

Nikaenda kwa bibi yangu nikidhani atanitetea, maana lile godoro lilikuwa lake. Akasema, "Mficha uchi hazai. Lakini huu hakuuficha yeye peke yake, tuliuficha sote, na wewe ukaupigia muhuri. Mdomo wa kumnong'oneza mama huyo ulikuwa wapi?"

Nikamwomba Mama Somoe ruhusa, tukaenda kwa mjumbe kusema kweli. Karatasi zilikwisha kwenda mjini. Tukaambiwa tungoje mpaka wageni wapite tena. Somoe akangoja, na aliporudi darasani wenzake walikuwa wamekwisha kumpita.

Mpaka leo, mwanangu, sijui vema ningefanyaje pale mlangoni. Sitara ni ada yetu, wala sikwambii uiache. Ila ukipewa kalamu ya kupima njaa ya mtoto wa mwenzio, usiandike ulichoonyeshwa siku ya wageni. Mvute mama kando, muulize kwa adabu kama kitu ni chake, na mwache yeye aseme kiandikwe nini. Ukishindwa kwa haya, rudi jioni peke yako. Nguo ya kuazima haisitiri.

Mungu akujaalie ulimi wa kuuliza kwa upole, na asiwepo mtoto wa jirani atakayekosa haki yake kwa ukimya wako. Amin.