Mwezi wa Kwenda Kisiwani

Kila mtu alikuwa na mwezi wake wa safari ya mama yule kwenda kisiwani. Mtoto wake wa kiume, anayeishi Johannesburg, alisema Julai, kwa sababu shule zimefungwa na watoto wanataka kuogelea. Binti yake, aliyeolewa Australia, alisema Oktoba, kwa sababu wageni wamepungua na jua halichomi. Mwenyewe, mama mzee niliyekuwa nikimtunza kwenye fleti yake ya Overport, alisema Pasaka. Na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nilisema kesho. Nilisema kimoyomoyo huku nakausha vikombe, maana ni mimi niliyekuwa namwona akipapasa meza kutafuta kijiko kilicho mbele yake.

Alizaliwa kwenye kisiwa kidogo cha Ugiriki, akaletwa Durban akiwa msichana aje kumsaidia mjomba wake kwenye duka la kona. Akauza mkate, maziwa na sigara mpaka mjomba akafa, mume akafa, duka likauzwa. Kisiwani hakurudi hata mara moja. Mwaka huu mtoto mgonjwa, mwaka ule friji la duka limekufa, basi miaka ikaisha hivyo. Sasa macho yalikuwa yanazimika. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwishazimika, na la kulia lilibaki kuona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari hakutaka kutaja muda. Alisema linaweza kukaa mwaka na linaweza lisikae. Kwa hiyo habari ya mwezi gani ni mzuri kwenda kisiwani haikuwa habari ya likizo. Tulikuwa tunatafuta mwezi ambao angeweza kuiona nyumba ya baba yake kabla bomba halijaziba.

Nilimwita gogo, kama wenyeji wa hapa wanavyowaita wanawake wazee. Mtu niliyepanga naye chumba kule Point, dada mmoja wa Uvira, Kongo, anayesuka nywele, aliposikia alicheka mpaka akaweka chanuo chini. "Weye! Mzee wa watu unamwita gogo? Kwenu gogo si la kuni?" Nami humwita yaya, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao, maana amenizidi umri na ndiye aliyenipokea nilipofika kutoka Kigoma sijui hata robot ni taa za barabarani.

Kila alasiri gogo alinishika mkono tukashuka kilima taratibu mpaka madukani. Alikuwa na neno moja njiani: "Niambie." Namwambia kilichopo. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini kwa kazi ile kilitosha, na mimi kwa kupenda kwangu nilikuwa naongeza chumvi. Siku moja nikamwambia mjakaranda wa pale kona umechanua wote, zambarau tupu, kama umevaa kwenda harusini. Akasimama.

"Na hiki ninachokanyaga, kinachoteleza, ni nini?"

"Maua, gogo."

"Ya mti upi?"

Nikaangalia chini.

"Basi yameanguka. Sema yameanguka. Nikitaka mapambo nitawasha redio. Wewe niambie kilichopo."

"Yameanguka, gogo. Yote yako chini."

"Ahsante," akasema, tukaendelea.

Jioni, kitandani, nilikuwa nasoma kwenye simu habari za visiwa vile. Nimeishia darasa la saba, lakini kwa kusoma mambo ya mbali mimi sichoki. Nilishafika kule mara nyingi bila kutoka Point. Najua nyumba nyeupe, ngazi za mawe, paka wamelala juu ya ukuta. Kurasa zote zilikuwa zinaimba wimbo mmoja. Mei na Juni ni pazuri. Agosti watu wamejaa. Julai upepo unafukuza viti. Septemba maji yana joto. Wakati wa baridi meli zinaacha kuja na hoteli zinafungwa. Nilisoma nikatafuta mahali palipoandikwa aende lini mtu asiyejua kama mwakani ataona. Sikupaona. Zote zilikuwa zimeandikiwa watu wenye macho ya kudumu.

Gogo nilipomsomea alitikisa kichwa. "Hao wanakuja na kofia zao, wanaona cheupe na buluu. Kisiwa kile ni cha kijani. Wiki chache tu kabla ya joto, majani mpaka magotini na maua mekundu ndani yake. Halafu jua linakula kila kitu."

"Ndiyo maana unataka Pasaka?"

"Na kwa sababu ya moto." Akanieleza, mikono yake inaenda kama anaona. Usiku wa Pasaka kanisa linazimwa taa zote. Padri anatoka na mwali mmoja, watu wanapokezana mshumaa kwa mshumaa, kisha kila mmoja anarudi kwao akiukinga kwa kiganja usizimike njiani. Wakifika mlangoni, mkubwa wa nyumba anainua mshumaa na kuchora msalaba kwa moshi wake juu ya mlango. Baba yake alichora kila mwaka, juu ya ule wa mwaka uliopita. "Sijui kama uko bado. Lakini moto nitauona. Hata jicho likibaki na tundu la sindano, moto kwenye giza nitauona."

Desemba nilivunja adabu. Mtoto wake alipopiga simu nilimwomba gogo nimsalimie, nikaipeleka simu jikoni. "Bosi, samahani. Mpeleke sasa. Mpeleke Januari."

Akajibu, "Dada, Januari kule ni mvua na baridi. Meli inaweza isifike kabisa. Unataka mama yangu akae bandarini na shuka begani akisikiliza mawimbi?"

"Anamwaga chai, bosi."

"Najua anamwaga chai," akasema, na sauti yake ikawa ya mtoto. Hakuwa mtu mbaya. Wiki ile ile akakubali Pasaka. Shule za watoto wake nazo zingekuwa zimefungwa, basi wote wangekwenda, wajukuu na kila kitu. Akakata tiketi. Nyumba ikawa na furaha ya ajabu. Nilipiga pasi gauni lake la buluu ingawa safari ilikuwa mbali, nikalitundika, vumbi likaingia, nikalipiga tena. Pale Point nilimtangazia hata muuza simu wa chini. Yaya akasema, "Huyu anasafiri kuliko msafiri."

Halafu yaya akarudi na majivu. Yeye ni Mkatoliki, na Kwaresima yao ilikuwa imeanza. Alitoka misa ya asubuhi na alama kwenye paji la uso, akaenda nayo kazini hivyo hivyo. Kesho yake, katika kupiga stori, nikamsimulia gogo jinsi wateja walivyomwambia yaya afute masizi.

"Majivu?" akasema gogo. "Mapema hivi? Sisi Waorthodoksi hatujaanza mfungo."

Aliweka kikombe chini pembeni ya kisahani, kikainama, nikakidaka. Akaniambia nichukue simu nimsomee tarehe za tiketi, ya kwenda na ya kurudi. Nikasoma. Akaniambia nirudie.

"Hiyo si Pasaka yetu," akasema. "Yetu mwaka huu iko mbele huko, zaidi ya mwezi baada ya hiyo. Miaka mingine zinaangukia pamoja, miaka mingine zinapishana. Mwanangu amekula mayai mekundu ya Pasaka yetu meza hii hii, wenzake shuleni wameshamaliza ya kwao. Alikuwa anajisifu ana Pasaka mbili. Amesahau."

Mimi bahati mbaya nimeizoea, mkate wangu hudondokea upande wa siagi, lakini siku ile nilihisi kama kuna mtu ameivua dunia nguo. Sote tulikuwa tumesema Pasaka, Pasaka, tukiwa tunaangalia kalenda ya ukutani ya duka la nyama.

Alipopigiwa, mtoto wake alilia. Akasema tiketi zinaweza kusogezwa, ila yeye na watoto hawataweza tena kwenda, shule zitakuwa zimefunguliwa. Binti angetoka Australia aje amchukue. Basi likabaki moja tu la kuamua: aende siku zile zile, aone kijani na jicho alilo nalo, au asubiri moto.

"Nenda, gogo," nikamwambia. "Majani yatakuwepo. Nyumba itakuwepo. Utaona mlango."

"Nitaona mlango bila Pasaka."

"Utaona mlango!"

Nilipiga magoti kwenye zulia. Sijui nilitoa wapi ujasiri ule, mimi ni mtu wa kuchekacheka. Nikamshika miguu. Nikamwambia macho hayana subira, nikamwambia Mungu hawezi kukasirika mtu akija mapema. Akanigusa kichwa, akasema, "Inuka, utachafua sketi." Akakaa hivyo mpaka jua likaondoka dirishani. Kisha akasema, "Majani nimeyaona nikiwa mtoto. Nayakumbuka moja moja. Moto siukumbuki vizuri, nilikuwa nasinzia. Nitasubiri."

Nililia nikiwa naosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nyumbani yaya akanisikiliza mpaka mwisho, mikono yake kwenye kichwa changu, ananisuka bure. "Sheri, mdogo wangu, iko watu hapa hapa Point hawajui kama watakula nini kesho, na weye unalilia macho ya mzungu."

"Najua, yaya."

"Basi lia. Mimi siwezi kukukataza. Ila inamisha kichwa, nisikuvute."

Zile wiki za kungoja zilikuwa ndefu kuliko chochote nilichowahi kungoja, na mimi nimengoja foleni za karatasi za ukaazi. Kila asubuhi nilipofungua mlango nilitega sikio kwanza. Nikisikia anapiga mluzi, ameona. Akiwa kimya, moyo unanishuka. Pasaka ya kalenda ya ukutani ikafika, ikapita. Siku ambayo angekuwa anatua kule, tulikuwa tunanunua vitunguu madukani, na hakuna aliyeitaja.

Asubuhi moja baada ya hapo nilimkuta mezani amekaa wima, gauni amelivaa nje ndani. Nilikwishafungua mapazia. Jua la Durban lilikuwa limefika mpaka kwenye sahani yake.

"Mbona leo hufungui pazia?" akaniuliza.

Nilienda dirishani, nikalivuta pazia likafungika, nikalivuta tena likafunguka, ili asikie tu. Sijui nilitegemea nini. Labda kwamba likifunguka mara ya pili litafunguka kweli.

Aligeuza uso kufuata sauti. "Niambie," akasema.

"Liko wazi, gogo."

"Na jua?"

"Liko mkononi mwako."

Akaugeuza mkono, kiganja juu, kisha chini. "Ni kweli," akasema. "Lina joto."

Daktari alijaribu matone na dawa nyingine, akasema pole. Mtoto wa kiume akataka safari ifutwe. Mama aende kufanya nini? Gogo akamjibu kwa Kigiriki maneno machache ambayo sikuyaelewa, na safari haikufutwa. Binti akaja. Nilitaka kwenda nao, gogo alitaka, lakini karatasi zangu ni za mtu wa kukaa. Ukitoka nazo huna hakika ya kurudi. Nilimfunga vifungo vya gauni la buluu, nikamfikisha kwenye gari. Sikupunga mkono. Angejuaje?

Jumapili ya Pasaka yao, mchana, nilikuwa chumbani Point nimemshikia yaya rasta za mteja. Simu ikaita, ya picha. Kwanza nikaona kidole, halafu uso wa binti umewiva kwa jua, halafu gogo amekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya ukuta mweupe uliobanduka.

"Ni yeye?" akauliza. "Mgeuzie simu. Hawa hawajui kuniambia, kila kitu wanasema kizuri. Wewe niambie. Anza na mlango."

"Umeuona moto, gogo?" Nilishindwa kujizuia.

"Sikuuona. Niliusikia usoni, walipousogeza. Anza na mlango."

Binti akainua simu. "Mlango ni wa kijani iliyopauka," nikasema. "Juu yake kuna jiwe jeupe. Lina masizi ya zamani, meusi, kama mahali palipokaa jiko. Na juu yake kuna msalaba mpya. Umepinda, gogo. Mkono mmoja umekimbilia huko."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nimeuchora mimi. Walitaka kunishika mkono nikawakatalia." Kisha akauliza, "Na kilima?"

Simu ikageuka. Yaya naye alikuwa ameacha kusuka, anachungulia begani kwangu, mteja na kichwa chake kilichosukwa nusu vilevile. Kilima kilikuwa na rangi ya mkate. Majani yalikuwepo, marefu mpaka magotini kama alivyosema, yamesimama yamekufa. Mdomo wangu ulikuwa tayari umeshika neno kijani. Nililimeza.

"Yamekauka, gogo. Kilima chote."

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Hakuna hata kidogo?"

Nikamwambia binti azunguke na simu polepole, kando ya ukuta, pale chini, arudi nyuma, hapo. "Kuna kisima," nikasema. "Upande wa kivuli. Hapo chini majani yapo. Na ua jekundu, moja. Lina petali mbili tu, nyingine zimeanguka."

"Unanipamba."

"Sikupambi, gogo. Mbili."

Akasimama kabla binti hajamfikia. Simu ikaachwa kwenye kiti, nikamwona kwa mgongo, gauni la buluu linaelekea ukutani, mkono mbele. Alikuwa anapitiliza lile ua.

"Kushoto, gogo," nikapaza sauti, na yaya naye anapaza, kwa lugha ambayo gogo hakuijua. "Kushoto kidogo. Hapo. Sasa shusha mkono."