Nguzo Inayozunguka

Mtunza msikiti wa mtaa wetu hapa mjini Iznik nimeolewa naye mimi, lakini moyo wake uko kwa msikiti. Ana viganja vipana, vigumu kama soli, na akipita ukutani huupapasa, safu ya mawe, safu ya matofali, kama anayembembeleza ng'ombe mwenye mimba. Mimi sijapapaswa hivyo tangu masultani wakiwa bado wananyonya. Mlangoni kuna nguzo mbili nyembamba za marumaru. Waashi wa zamani waliziacha zizunguke makusudi, kwa sababu ukuta ukiinama, uzito huzibana zikakwama, na watu wakajua kuna hatari. Kila alfajiri mume wangu huzizungusha kwa kiganja, kichwa ameinamisha, anasikiliza. "Bi Munire, mke mwenzio ana miaka mia sita," jirani yangu Nezihe hunitania, "utamwonea wivu mpaka lini?" "Mpaka siku atakayoshika zamu ya kupika," humjibu.

Juzi ardhi ilitetemeka hata ziwa letu likaruka, likatua mahali pengine, kisha likarudi kwa aibu. Mimi nilikimbilia chini ya mkomamanga wetu nikiwa na kiatu kimoja. Yeye alikimbilia msikitini. Akarudi anacheka peke yake. "Zinazunguka," akasema. "Na mimi je? Hukuuliza hata kama nimekufa." Kisha akanishika mabega kwa viganja vile vile, akanizungusha polepole duara zima, kichwa ameinamisha, anasikiliza. "Na wewe bado umesimama wima, mke wangu." Nikamwambia anizungushe tena, maana mara ya kwanza hakusikiliza vizuri.