Mwamuzi Asiye na Upande

Nilimpendekeza Égide kwa sababu nilimdhania kuwa mwoga. Afadhali niliseme hilo mapema, kabla sijapata nafasi ya kulipamba.

Mwaka 2011 nilikuwa katibu wa Ligi ya Dhahabu, ligi ya kulipwa ya besiboli yenye timu nne, mashabiki wasiozidi mia tatu, na mwenyekiti mmoja aliyeamini kwamba nchi iliyoandaa Kombe la Dunia la soka mwaka mmoja kabla inaweza kuandaa chochote. Wachezaji wake walilipwa vizuri kiasi kwamba wote walikuwa na kazi nyingine. Shahada yangu ya sosholojia, niliyoihangaikia miaka mitatu Dar es Salaam, ilikuwa imenifikisha hapo: kuandika mihtasari ya vikao ambamo mwenyekiti alizungumza peke yake.

Fainali ilikuwa ya mechi tano, na bingwa angekuwa atakayetangulia kushinda tatu. Zilikutana Ngome ya Midrand, ambayo ilikuwa mali ya mwenyekiti, na Wachimbaji wa Jeppestown. Tatizo lilikuwa mwamuzi. Kila jina lililotajwa lilikutwa na shemeji katika timu moja au nyingine.

“Tunahitaji mtu asiye na upande,” mwenyekiti akasema. “Tutafute mgeni.”

Wajumbe wakaafiki kwa vichwa. Mei ya 2008 wageni walikuwa wamekimbizwa kwa marungu katika mitaa ya jiji hili hili. Miaka mitatu baadaye ilikuwa imegunduliwa kwamba wana faida. Alihitajika mtu wa kutukanwa na pande zote mbili, asiye na jamaa wa kumtetea. Nikamtaja Égide.

Alikuwa Mrundi wa miaka hamsini hivi, mlinzi wa lango la uwanja wetu kule Midrand, wa kulipwa kwa siku. Kitabu cha sheria za mchezo alikiokota kibandani mwake langoni, kimeachwa na mchezaji ambaye bila shaka hakuwahi kukifungua, naye akakisoma mpaka akakijua kwa moyo. Msimu huo tulikuwa tukimtumia kama kibarua, kuamua mechi ndogo za Jumamosi. Aliniita “Katibu” kwa heshima ambayo niliifurahia kuliko nilivyoistahili.

Alitaka jambo moja tu: ajira ya kudumu ya uamuzi. Bila hati ya mshahara hakuna mwenye nyumba ambaye angempangisha kwa jina lake, na yeye na mkewe, Candide, waliishi Jeppestown katika chumba kilichogawanywa kwa mbao nyembamba hivi kwamba jirani akipiga chafya, Candide alimwombea afya. Mwenyekiti alilijua hilo.

“Maliza fainali vizuri, mzee, na kazi ni yako,” alimwambia mbele yangu. Hakufafanua “vizuri” ni vipi, nami sikuuliza.

Mechi nne za kwanza ziligawanywa, mbili kwa mbili. Égide aliamua upesi. Mkono wake ulipaa kabla vumbi halijatua.

“Hei ref, rudi kwenu!” shabiki mmoja alimpigia kelele katika mechi ya tatu.

“Kwetu mchezo huu haupo, bwana,” akamjibu. “Nikirudi nitamwamulia nani?”

Hata aliyemtukana alicheka.

Mechi ya tano ilifika zamu ya mwisho, timu zikiwa sare. Deon wa Wachimbaji alitoka mbio kituo cha tatu kuelekea nyumbani, yaani kile kibao cheupe ambacho mkimbiaji akikigusa anahesabiwa pointi. Mdakaji wa Ngome, Lwazi, karani wa benki siku za wiki, alipaswa kumgusa kwa mpira kabla hajafika. Wakagongana, vumbi likawafunika. Watu wote wakautazama mkono wa Égide.

Mkono haukuinuka. Alivua kinyago, akawaita wote wawili.

“Deon, sema.”

“Nimegusa nyumbani kwanza, ref.”

“Lwazi?”

Lwazi alitupa jicho kwenye kiti cha mwenyekiti. “Ref, toa uamuzi tu. Si ndiyo kazi yako?”

“Nimekuuliza wewe. Mpira ulikuwa mkononi mwako, haukuwa mkononi mwangu.”

“Hii ni besiboli au ni mahakama?” kocha wa Ngome akafoka.

“Wapikieni chai basi!” sauti ikatoka jukwaani.

“Na mashemeji waitwe!”

Kicheko kikaenea uwanja mzima. Égide alifunga mikono nyuma, akangoja. Vuvuzela zikanyamaza moja baada ya nyingine. Nami, kwa aibu ya mtu aliyempendekeza, nilijifanya natafuta kalamu.

“Nilimkosa,” Lwazi akasema hatimaye.

“Sema wasikie.”

“Eish! Nilimkosa! Sikumgusa!”

Ndipo Égide akatandaza mikono: pointi halali. Wachimbaji wakawa mabingwa. Mwenyekiti alimfukuza kazi hata kabla ya kombe kukabidhiwa, na barua niliichapa mimi. Ilisema kwamba huduma zake za kibarua hazihitajiki tena. Niliongeza “kwa masikitiko”; mwenyekiti akayafuta.

Ili kuituliza dhamiri, niliandika makala ya kurasa kumi na mbili. Nilieleza kwamba Warundi wana wapatanishi wao wa jadi, bashingantahe, ambao hawahukumu kabla ya kusikiliza pande zote mbili, na kwamba Égide, bila shaka mwana wa mmoja wao, alikuwa ameileta hekima ya mababu katikati ya uwanja wa Midrand. Niliisoma kwenye mkutano wa wasomi wahamiaji. Nilipigiwa makofi.

Mwaka 2013 nilimkuta Candide akiuza mboga Marshalltown. Nikamweleza habari za makala yangu, nikitarajia shukrani.

“Bashingantahe?” Akaacha kufunga mchicha. “Katibu, baba mkwe wangu alikuwa fundi wa baiskeli. Kila mtu mtaani alimjua kwa uongo.”

“Sasa kwa nini asiamue mwenyewe? Hakuona?”

“Aliona vizuri kabisa. Yule kijana alifika kwanza.”

“Kwa hiyo?”

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi mzito. “Asubuhi ile mwenyekiti wako alimfuata chumba cha kubadilishia nguo na mkataba wa kudumu. Wakatia sahihi wote wawili. Jioni mume wangu akaniambia: Candide, mkono ulikuwa umeshauzwa. Niliogopa kuuinua, sikujua utakwenda upande gani.”

Mkataba wenyewe, Candide aliniambia, alikuwa ameuacha kibandani mwake langoni jioni hiyo hiyo, bila kumwonyesha mtu. Kwa hiyo barua yangu, iliyomwita kibarua, ilimfukuza mtu aliyekuwa mwajiriwa wa kudumu wa Ligi ya Dhahabu tangu saa tatu asubuhi.