Imondo ya Baba Mkwe Iliyokwenda na Mwewe

Aibu hii ningeificha kama ingefichika, lakini kule Iguhu kwa wakwe zangu kila mtu anaijua, kwa hivyo afadhali muisikie kutoka kwangu mwenyewe niliyeifanya.

Mimi, kama mnavyonijua, shule niliiachia darasa la sita, nikauza miwa kwa mkokoteni hapa Kakamega mjini mpaka nikafungua hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, na leo nina nyumba ya matofali kule Buyangu, kando ya msitu kabisa (na juu ni vigae, si mabati). Kitu kimoja tu nilikikosa: baba mkwe wangu hakuwa amewahi kula kwangu. Miaka kumi na minane alikuwa akisema binti yake alichukuliwa na mtu wa mkokoteni. Halafu mwaka jana, baada ya mke wangu, Mama Sifa, kumbembeleza sana, akakubali kuja Jumamosi, na kwetu mgeni kama huyo anachinjiwa jogoo, na imondo, ile firigisi, inawekwa mbele yake yeye peke yake. Akiila, amekukubali.

Sasa siku hizo nilikuwa na ugonjwa wa ndege. Nilikuwa nimenunua simu ya kamera tatu, nikaingia kwa grupu la watu wanaopiga picha za ndege wa msituni, na kila siku wao wanatuma ndege akiwa hewani, mabawa wazi, na zangu mimi ni mkia tu au wingu. Jamaa mmoja wa hilo grupu akaniambia, "Mzee, na simu usimkimbize ndege. Akujie yeye. Jua liwe mgongoni kwako, na kidole usitoe, iache ipige nyingi nyingi." Jumamosi hiyo asubuhi mwewe alikuwa anazunguka juu ya jiko letu, chini chini, jua liko mgongoni kwangu kama nimeliagiza. Nikamrushia mkate, akaupuuza. Kando yangu kulikuwa na beseni la kuku aliyekwisha kukatwa, na ndani yake kitu kizito cha kurushika vizuri kilikuwa kimoja (sitadanganya kwamba sikukijua). Nikajiambia wageni ni wa saa saba, nitatafuta jogoo mwingine kwa jirani. Nikarusha na mkono wa kushoto, kidole cha kulia kimebana simu, na mwewe akakunja mabawa, akashuka, akadaka.

Picha ikatoka. Ndugu zangu, ilitoka! Ungeweza kuhesabu manyoya. Nilikuwa bado naishangilia niliposikia honi langoni, na ni saa tano tu: mzee mwenyewe, pamoja na shemeji yangu mwalimu.

Mama Sifa alikuwa anapekua beseni. "Baba Sifa, imondo iko wapi?" Nikamwonyesha juu. Alinitazama mpaka nikatamani anitukane. Hakunitukana. Alipika, akabeba chakula mezani, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, nisamehe. Paka ameiba imondo nikiwa nachota maji."

Mzee akacheka. "Paka huwanga hana heshima, mama. Leta obusuma tule."

Na akala! Alimega ugali, akala paja, akaniita mkwe kwa mdomo wake mwenyewe. Ningenyamaza hapo. Lakini mimi nikishaanza kusifiwa sijui kusimama, na shemeji alipotamka tu kwamba ndege wa msitu huu wanataka watu wenye kamera ndefu kama bomba, nikatoa simu. "Tazama hii. Nimepiga leo asubuhi, hapo nje."

Akaipanua kwa vidole viwili, akaipanua tena. "Shemeji, huyu ndege wako amebeba nini?"

"Panya."

"Panya ameoshwa hivi? Amepasuliwa katikati, akatolewa na ngozi ya ndani?" Akampa mzee simu. "Baba, hii si imondo?"

Mzee akavaa miwani. Hakuna mtu amewahi kuiangalia picha yangu muda mrefu hivyo. Mimi hakunitazama hata kidogo; alimgeukia binti yake, aliyekuwa amesimama na jagi la maji ya kunawa.

"Paka wenu ana mabawa, mama?"

Mama Sifa akainamisha macho kwenye jagi.

"Wewe hukuwahi kunidanganya," mzee akasema. "Hata siku ile unakuja kwa huyu, uliniambia." Akanawa mikono, akachukua kofia yake, na paja la pili likabaki kwenye sahani.

Nilimpelekea jogoo mzima, mkubwa kuliko yule. Alimpokea, akasema asante, na mpaka leo hajamchinja. Ndege wa angani nimewaachia wenye kuwaweza, na nimeapa mke wangu hatabeba tena uongo kwa sababu ya ujinga wangu, lakini kiapo changu hakimsaidii yeye. Jana nilimsikia akimwambia baba yake kwa simu kwamba watoto ni wazima. Mzee akauliza, kweli? Akamwambia, kweli baba. Akauliza tena.