Mashati Matano, Mshono Mmoja

Dada yangu alianza chuo akiwa na miaka arobaini na saba, na wa kulaumiwa ni mimi. Kiwanda cha sare kilimsifia ushonaji wake wee, kisha kikamwambia kuwa bila cheti hawezi kusimamia mafundi wenzake. Nikamwambia, "Si uende ukakichukue hicho cheti? Elimu haina mwisho." Nilisema hivyo ili anyamaze tunywe chai. Kesho yake akaenda kujiandikisha, nami mdogo mtu nikaachiwa kibanda, cherehani mbili na wateja wanaozitaka nguo zao tangu jana.

Siku ya kwanza aliingia darasani na futi ya kupimia shingoni, kama alivyozoea. Darasa zima likasimama. Walidhani ndiye mwalimu.

"Ukafanyaje?" nilimuuliza.

"Nikawaambia wakae."

Huyo ndiye dada yangu. Mwalimu mwenyewe, kijana ambaye ndevu zake bado zinajadiliana kama ziote au zisiote, alipoingia hakuna aliyesimama.

Tangu siku hiyo mambo hayakunyooka. Akifika, wanampa kiti cha karibu na dirisha. Akiinua mkoba, mtu anampokea. Lakini akikaribia penye kicheko, kicheko kinakatika kama uzi mbovu, na kila mmoja anaikumbuka simu yake. Akamwuliza binti yangu vijana wanasalimianaje siku hizi, akafanya mazoezi jikoni, mkono kiunoni. Asubuhi akawaendea wenzake, akasema kwa sauti, "Mambo!" Wakatazamana. Kisha wakajibu kwa pamoja, "Shikamoo, mama."

"Wananiheshimu," aliniambia jioni ile, uso umemshuka. "Sasa mbona heshima yenyewe inaniacha peke yangu? Nimekosa nini?"

Nilicheka, na kicheko changu kilimuumiza, nikajuta.

Muhula ulipofika katikati, mwalimu akawagawa katika vikundi vya watu watano. Kila mmoja ashone shati lake, kikundi kilete mashati matano. Likikosekana moja, au likiwa na kasoro, hakuna wa kikundi kile atakayefanya mtihani. Kiongozi wa kikundi cha dada alikuwa msichana wa miaka ishirini. Dada alimwita Kipini kwa sababu ya kipini chake puani, na kwa sababu, alisema, maneno yake yana ncha.

Siku moja kabla ya kukabidhi, wenzake waliweka mashati yao kabatini wakaondoka. Dada akabaki kufagia nyuzi. Akayafungua yale mashati kuyatazama tu. Kola moja ilikuwa imelala upande. Pindo lilipanda na kushuka. Mfuko mmoja ulikuwa chini kuliko mwenzake. Hapo kibandani mwanafunzi akikosea, yeye akishaenda zake, dada hufumua na kushona upya, asubuhi mteja anakuta kazi safi na hakuna aliyeaibika. Ndivyo alivyotulea sote, hata mimi. Basi akachukua wembe, akafumua mashati yote manne, akayashona. Alirudi nyumbani akiimba. Kesho yake, aliniambia, wangejua kuwa yeye ni mwenzao.

Asubuhi mwalimu akayapanga mashati matano mezani. Akainama. Akageuza kola, akatazama ndani ya mishono. Mshono wa mtu ni kama mwandiko wake, hata yule kijana wa ndevu alilijua hilo.

"Haya yameshonwa na mtu mmoja," alisema. "Mtashona upya, kila mtu lake, hapa hapa mbele yangu, kwa karatasi ya vipimo niliyowafundisha. Ijumaa. La sivyo, mtihani msahau."

Nje ya mlango Kipini hakutoa shikamoo.

"Mama, nani alikwambia utushonee?"

"Nimewasaidia, wanangu."

"Sisi si wanao. Tunasoma darasa moja."

Dada alikuja kunisimulia hayo akiwa amesimama katikati ya kibanda, mkoba bado begani, mteja anasubiri. "Nimewafanyia wema, wamenuna. Ningewaachia kola zile za upande, wangefurahi? Hebu nieleze wewe." Nilimwambia tenda wema uende zako. Akanijibu kwamba aende wapi, na Ijumaa anatakiwa awepo pale pale. Usiku alizungumzia kuacha chuo. Lakini akiacha, shati la tano litakosekana, na wale wanne watakosa mtihani kwa ajili yake. Akaenda.

Ijumaa chumba kizima kilikuwa kimya, cherehani tu zinalia. Dada amekata nguo miaka ishirini na minne bila karatasi yoyote. Anakunja kitambaa mara mbili, anachora kwa chaki, mkasi unapita, mikono miwili ya shati inatoka kwa mpigo mmoja. Siku hiyo aliambiwa atandaze kitambaa bila kukunja, aweke karatasi juu yake, akate kwa kuifuata mkono mmoja, kisha mwingine. Akakata. Akashona wa kwanza, ukakaa vizuri. Akashona wa pili, ukamkatalia. Akauvuta, akaulazimisha. Kijasho kikamtoka.

Kipini akasogea, akalitazama shati, akaziba mdomo.

"Fundi," alisema, "umekata yote ya kushoto. Karatasi hukuigeuza!"

Wote wanne wakaja kuangalia. Mmoja akauliza kama mteja ana mikono miwili ya kushoto. Kikapasuka kicheko, na safari hii hakikukatika alipoinua macho. Dada aliniambia alitamani kulia na kucheka kwa wakati mmoja, akashindwa kuchagua.

Kipini akaleta kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye shati lake, akakiweka mezani. Dada akamsogezea lile shati, akingoja msichana alichukue na kulinyoosha.

Kipini akampa wembe. "Fumua mwenyewe."

Walimaliza wakiwa wa mwisho chumbani. Shati lilipita, kikundi kikapita. Dada akarudi nyumbani, akaketi kwenye kigoda bila kuvua viatu, akalitandaza lile shati magotini.

"Hakunishonea hata tundu moja la kifungo," alisema. "Wenzake wameshaondoka, lile toto limekaa pembeni yangu, linachezea simu, mpaka nimekata uzi wa mwisho. Kisha likaniambia, 'Twende, fundi.' Basi. Hata shikamoo hakuna."

Akanitazama.

"Sasa wewe niambie. Nimedharauliwa, au?"

Nilimsogezea kikombe cha chai. Akainamia shati lake, akawa anaupapasa ule mkono wa kulia, na chai ikapoa hajainywa.